Ndama kumi na mmoja wa tarehe 20 Desemba: uchambuzi wa kisa cha nasaba iliyoandikwa kwa kubahatisha

Kisa hiki kinatoka kwenye shamba la ng'ombe wa nyama lililoko mkoa wa Lindi, upande wa bara. Nimeondoa majina ya shamba, ya mwenyewe na ya wafanyakazi, nimebadili namba za hereni, na madume nimewapa majina ya mito yetu ya Kusini ili msomaji asiwachanganye. Mimi ndiye niliyefanya tathmini ya kwanza ya madume wa shamba, ile iliyokosea, kwa hiyo sehemu ya lawama humu ndani ni yangu na nitaieleza inapofika zamu yake.

## Shamba na ratiba yake

Kusini hatukuwa na mazoea ya makundi makubwa ya ng'ombe. Mbung'o walikuwa kizuizi, na watu waliishi kwa korosho, ufuta, muhogo na mbuzi wachache nyuma ya nyumba. Makundi makubwa yalianza kuonekana Lindi hasa baada ya mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu na wengi wao kuelekezwa huku. Mwenye shamba, mama mfanyabiashara wa mazao, alianza na mitamba ya Boran pamoja na chotara wa Boran na zebu, akamwajiri mzee mmoja mfugaji aliyekuja na wimbi lile. Wakati kisa kinatokea walikuwa na majike wa kuzaa 120 hivi na madume watatu wa Boran: Mbwemkuru, mkongwe na mbabe, Lukuledi, mpole, mrefu wa mwili, na Matandu, aliyenunuliwa baadaye.

Ratiba yao ilikuwa nzuri. Madume waliingizwa kwa majike mapema Februari na kutolewa mwanzoni mwa Mei, ili ndama wazaliwe kuanzia mwishoni mwa Novemba mvua zinapoanza na majani yanachipua. Kila dume alikuwa na kundi lake la majike, zizi lake na upande wake wa malisho. Madume wakishatoka, majike wote walichanganywa wakachungwa pamoja hadi kuzaa. Orodha ya nani yuko kundi la dume gani ilibandikwa ukutani kwenye chumba cha karani. Jike akizaa, karani anaangalia orodha, anaandika baba. Julai ndama wanapitishwa kwenye mizani na kuachishwa kunyonya.

Ukiitazama karatasini, hakuna mahali pa baba kupotea.

## Tathmini ya kwanza na uamuzi wa kuuza

Baada ya misimu mitatu ya kuzaa nilikabidhiwa madaftari matatu yenye ndama 231 waliopimwa. Mama alitaka jibu la swali moja: dume yupi abaki na yupi auzwe.

Njia niliyotumia ndiyo inayotumika karibu kila mahali duniani kwenye uzalishaji wa ng'ombe, hesabu iitwayo BLUP (kifupi cha Kiingereza cha "best linear unbiased prediction"), ambayo msingi wake uliwekwa na Charles Henderson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Inafanya kazi hivi: uzito wa kila ndama unalinganishwa na wenzake wa msimu uleule, kisha tofauti inagawanywa kwa kufuata undugu. Ndama hupata nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama. Ndama wa baba mmoja na mama tofauti wanafanana kwa robo ya urithi. Kwa hiyo ndama akiwa mzito, sifa kidogo inakwenda kwa mama yake, kidogo kwa baba yake, na kupitia kwa baba inafika hata kwa ndugu zake ambao hawajapimwa. Hesabu haijawahi kumwona dume. Inamjua kupitia watoto walioandikwa kwa jina lake.

Majibu yalitoka hivi, kwa kilo za uzito wa kuachishwa juu au chini ya wastani wa shamba: Mbwemkuru +5, Lukuledi +1, Matandu −2. Kiwango cha kurithika kwa uzito huo, yaani sehemu ya tofauti za uzito kati ya ndama inayotokana na urithi, kilitoka kidogo sana, chini ya kile ninachokitegemea. Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Urithi ukionekana hafifu kuliko kawaida, swali la kwanza ni kama baba walioandikwa ndio baba wenyewe. Mimi nilijiambia kwamba mazingira ya huku ni magumu, mbung'o na kupe wanavuruga uzito, basi. Nikampa mama majibu. Akaamua kumuuza Lukuledi, kwa sababu ada ya chuo ya mwanawe ilikuwa inadaiwa na Lukuledi alikuwa na mwili wa kuuzika. Alipokea malipo yote ya mnunuzi mwezi Septemba.

## "Daftari halikuwepo siku ya josho"

Siku mbili kabla ya gari kuja nilikuwa zizini na mzee, tunawatazama mitamba wa msimu wa kwanza ambao walikuwa wamepandishwa kwa mara ya kwanza Februari iliyopita. Akanionyesha mmoja mwekundu, kifua kipana.

"Huyu wa Mbwemkuru, daktari."

Nikafungua daftari. "Hapana mzee, huyu ni wa Lukuledi. Imeandikwa siku aliyozaliwa, na mama yake alikuwa kundi la Lukuledi."

Hakubishana. Alimtazama yule mtamba muda kidogo, kisha akasema, "Daftari halikuwepo siku ya josho."

Nilimwomba anieleze. Josho ni la kijiji, na zamu ya shamba ni Alhamisi. Wakati wa mvua kupe wanakuwa wengi, kwa hiyo ng'ombe huogeshwa kila wiki. Njia ya kwenda ni moja, wachungaji ni wachache, na makundi yote matatu hupelekwa pamoja, madume wakiwemo. Wanasubiri kwenye uwanja mmoja saa mbili, saa tatu. Jike aliye kwenye joto hapo hachagui dume wa orodha. Mbwemkuru akiwa uwanjani, Lukuledi hasogei.

Hesabu ya kichwani inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Jike huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto la zebu ni fupi, mara nyingi halimalizi siku. Siku ya josho ni moja kati ya saba. Basi karibu jike mmoja kati ya saba joto lake linaangukia Alhamisi. Si wote watakaopandwa na dume asiye wao, ila mlango uko wazi kila wiki kwa miezi mitatu, na hakuna aliyeona haja ya kuuandika.

Nilirudi kwenye madaftari usiku ule nikayasoma kama nilivyopaswa kuyasoma mwanzo, si tarakimu peke yake bali kurasa zenyewe. Mambo mawili yalijitokeza.

La kwanza, ndama mmoja aliyeandikwa wa Matandu alizaliwa tarehe 24 Novemba. Matandu aliletwa shambani tarehe 20 Machi mwaka uleule. Hizo ni siku 249. Mimba ya ng'ombe wetu ni siku 280 hadi 295 hivi, na ndama huyu hakuwa njiti. Alikuwa na uzito mzuri tu. Nikahesabu kurudi nyuma siku 285, nikaangukia tarehe 12 Februari. Mama yake alipandwa mwanzoni kabisa mwa msimu, akiwa kundi la Mbwemkuru, kisha Matandu alipofika akahamishiwa kundi jipya akiwa tayari ana mimba. Orodha ya ukutani ilikuwa ya mwisho wa msimu. Ilisema jike alikomalizia, si alikopata mimba.

La pili lilikuwa ukurasa mmoja wa daftari la msimu wa pili. Ndama kumi na mmoja, mstari chini ya mstari, wino uleule wa bluu, mwandiko usiobadilika mteremko, wote wamezaliwa tarehe 20 Desemba. Kwenye safu ya baba, mstari wa kwanza umeandikwa "Mbwemkuru". Chini yake, vialama viwili vidogo vya "kama hapo juu", mara kumi.

Ng'ombe kumi na mmoja kati ya 120 hawazai siku moja. Tarehe 20 Desemba ilikuwa siku ambayo karani alirudi kutoka kwao Newala. Kijana alikuwa amekwenda kuvuna korosho za familia, kama wafanyakazi wengi wa huku wanavyofanya Oktoba hadi Desemba, na hakuna mtu wa Kusini atakayemlaumu kwa hilo. Alipokuta ndama wapya hawajaandikwa, aliandika. Fomu ilimdai tarehe na baba, naye akaipa tarehe aliyokuwa na uhakika nayo, ya kurudi kwake, na baba ambaye jina lake lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Nilipopitia madaftari yote matatu kwa jicho hilo nilikuta ndama 83 walioandikwa kwa mkupuo namna hiyo. Wengi wao walikuwa chini ya jina la Mbwemkuru.

## Bahasha ya Lukuledi

Asubuhi Fuso lilipofika nilimweleza mama nilichokiona. Aliniuliza swali la haki: "Una uhakika Lukuledi ni bora kuliko Mbwemkuru?" Sikuwa nao. Nilikuwa na shaka kubwa juu ya majibu yangu mwenyewe, na shaka haionyeshi dume bora ni yupi. Fedha ilikuwa imeshapokelewa na sehemu imeshatumwa chuoni. Akaamua biashara iendelee. Uamuzi ule siulaumu. Kwa alichokuwa nacho mkononi siku ile ulikuwa wa busara.

Nilichoomba ni dakika tano. Lukuledi alikuwa amefungwa kwenye mti karibu na ngazi ya kupakilia. Mzee alimshika pua, mimi nikazungushia kidoleni nywele chache za ncha ya mkia na kuzing'oa kwa mkupuo mmoja, nikarudia hadi nikapata thelathini na kitu. Kukata kwa mkasi hakufai, kwa sababu vinasaba vya kupimwa vimo kwenye mzizi. Ukizitazama nywele kwenye mwanga lazima uone kitone cheupe mwishoni mwa kila moja. Nikazitia kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana unyevu unaozesha mzizi. Nikaandika jina na namba ya hereni, mzee akaisoma hereni kwa sauti, nikalinganisha. Kisha wakampakia.

## Kipimo

Mama aliuza maksai watatu kulipia kipimo. Haukuwa uamuzi mdogo, na ulikuja baada ya mjadala. Njia tatu zilikuwa mezani. Kufuta kumbukumbu zote na kuanza upya, ambayo ingetupa miaka mitatu ya kazi ya watu. Kupima kila mnyama aliyebaki, ambayo hatukuiweza. Au kupima sehemu, tujue kosa liko wapi na lina ukubwa gani, kisha tuamue kumbukumbu zipi zinaaminika. Tulichagua ya tatu. Tulichukua nywele za madume wote watatu na za wanyama 60 waliozaliwa shambani na bado walikuwapo, tukihakikisha wamo walioandikwa siku ya kuzaliwa na walioandikwa kwa mkupuo. Sampuli mbili hazikusomeka.

Kipimo chenyewe kinategemea wazo jepesi. Katika kila alama ya vinasaba ndama ana herufi mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ikiwa dume ana G na G, kila mtoto wake lazima awe na G moja. Ndama mwenye A na A mahali hapo hawezi kuwa wake. Alama moja ikigongana yaweza kuwa kosa la maabara. Zikigongana kadhaa, dume huyo ametoka. Kwa ng'ombe, shirika la kimataifa la vinasaba vya wanyama, ISAG, limependekeza alama 100 za msingi za namna hii. Kwa hiyo kwanza kipimo kinawatoa wasiowezekana, halafu kinaangalia nani anabaki.

Kati ya 58 waliosomeka, 14 hawakuwa watoto wa dume aliyeandikwa. Mgawanyo wao ndio uliotufundisha:

Walioandikwa siku ya kuzaliwa walikuwa 36, waliokosewa 5. Watatu walikuwa wa Mbwemkuru lakini wameandikwa Lukuledi, akiwemo mtamba mwekundu wa mzee. Mmoja ni yule wa tarehe 24 Novemba, wa Mbwemkuru kweli. Mmoja hakuwa wa dume yeyote wa shamba. Baba yake alitoka nje, na josho la kijiji linatosha kueleza.

Walioandikwa kwa mkupuo walikuwa 22, waliokosewa 9. Sita walikuwa wa Lukuledi, wawili wa Matandu, wote wanane wameandikwa Mbwemkuru. Wa tisa alikuwa wa dume wa nje.

Robo ya kumbukumbu zilizopimwa zilikuwa na baba asiye wake. Tena kosa lilikuwa na upande: Mbwemkuru alikuwa amepewa watoto wazuri wa Lukuledi, na Lukuledi akabebeshwa watoto wa Mbwemkuru wa siku za josho.

## Tarehe nazo

Kipimo cha vinasaba hakisemi ndama alizaliwa lini, na hapa tulisaidiwa na jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Kijana mmoja wa zizi alikuwa na mazoea ya kumpiga picha kila ndama mpya kwa simu na kumtumia binti wa mama kwa WhatsApp, kwa furaha tu. Picha zilikuwa bado zipo, na tarehe zake. Kati ya wale 83 wa mkupuo tulipata picha za 34. Kati ya kumi na mmoja wa tarehe 20 Desemba tulipata saba: walizaliwa kati ya tarehe 25 Novemba na 14 Desemba, yaani siku 6 hadi 25 kabla ya ilivyoandikwa.

Kwa nini siku hizo ni nzito? Kwa sababu uzito wa ndama husawazishwa kwa umri kabla ya kulinganishwa, na sisi tulisawazisha kwa siku 205. Chukua ndama wa kilo 160 mwenye siku 225 za kweli, aliyezaliwa na kilo 25. Amekua gramu 600 kwa siku, kwa hiyo akiwa na siku 205 alikuwa na kilo 148. Daftari likimpunguzia siku 20, anaonekana alikuwa na kilo 160 akiwa na siku 205. Kilo 12 zimetoka kwenye kalamu. Na karibu kilo zote za namna hiyo ziliandikwa kwa Mbwemkuru.

## Hesabu ya pili

Nilirudia tathmini kwa kanuni tulizokubaliana na mama na mzee kwanza, kabla sijaona majibu, ili nisishawishike. Waliopimwa walirekebishwa. Walioandikwa siku ya kuzaliwa lakini hawakupimwa waliachwa kama walivyo, kwa kuwa wengi wa aina yao walikuwa sahihi. Watoto wa Matandu wa msimu wake wa kwanza waliozaliwa kabla ya katikati ya Desemba walifutiwa baba. Wa mkupuo wenye picha walipewa tarehe ya picha, na asiyepimwa kati yao aliandikwa baba "hajulikani". Wa mkupuo wasio na picha, 49, uzito wao uliwekwa kando kabisa.

Tulibaki na ndama 182. Kwa kumbukumbu chache kuliko mwanzo, tofauti kati ya madume ilionekana wazi zaidi: Lukuledi +8, Mbwemkuru −1, Matandu −3. Dume hupitisha nusu ya thamani yake, kwa hiyo kati ya Lukuledi na Mbwemkuru ni kilo 4.5 kwa kila ndama. Kwa ndama 30 wa msimu mmoja ni kilo 135 za uzito hai, kila mwaka, bila kuongeza malisho wala dawa. Na Lukuledi alikuwa ameshachinjwa.

Kulikuwa na hasara nyingine ambayo haionekani kwenye mizani. Mitamba wawili kati ya wale watatu walioandikwa wa Lukuledi walikuwa wamepelekwa kundi la Mbwemkuru makusudi, ili kuepuka kupandana ndugu. Mbwemkuru alikuwa baba yao. Majibu yalipofika walikuwa wamebakiza wiki chache kuzaa. Ndama wa baba na binti hubeba robo nzima ya uwezekano wa kupata nakala mbili za urithi uleule mmoja wa babu, na hapo ndipo kasoro zilizojificha hujitokeza. Walizaliwa wote wawili wazima. Mmoja alikuwa mdogo, lakini ndama wawili hawathibitishi kitu. Wanalelewa kwa nyama, hawataingia kwenye uzazi.

## Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, maana kipo. Msimu mfupi wa kupandisha ulitusaidia kugundua kosa la Matandu. Bila tarehe ya kuingia na kutoka dume, siku 249 zisingeonekana. Karani aliandika kwa uaminifu kila alipokuwapo, na kumbukumbu zake za siku ileile ndizo zilizookoa kazi. Kusoma daftari kama mwandiko, si tarakimu tu, kulionyesha kilichofichwa na jedwali la kompyuta: nilipoingiza kurasa zile kwenye mashine, vile vialama vya "kama hapo juu" viligeuka kuwa jina Mbwemkuru mara kumi, safi kabisa, halina tofauti na jina lililoandikwa na mtu aliyeona. Na bahasha moja ya nywele iliyochukuliwa kwa shaka tu ilimpa dume aliyekwisha kuondoka nafasi ya kudai watoto wake.

Kilichoshindikana kiko sehemu kadhaa, lakini nataka kukaa zaidi kwenye jambo moja: fomu haikuwa na mahali pa kusema "sijui".

Makosa ya nasaba yanaiumiza tathmini kwa njia inayohesabika. Watoto wasio wake wakichanganywa kwa dume kwa kubahatisha, kwa kiwango cha 24 kwa mia, ufanano kati ya wanaoitwa ndugu wa baba mmoja unapungua hadi 0.76 mara 0.76, yaani 58 kwa mia ya ulivyo kweli. Sifa ambayo kiwango chake cha kurithika ni 0.25 itaonekana 0.14. Hapo mfugaji anaambiwa mbegu haina maana kubwa, na anaamini. Uhakika wa tathmini ya dume mwenye watoto 30 nao unashuka kutoka 0.67 hadi 0.53 hivi, ili kurudi pale pa mwanzo angehitaji watoto 53. Karibu nusu ya kazi ya kupima inamwagika. Na hiyo ni hali ya makosa yasiyo na upande. Yakiwa na upande, kama yetu, kuongeza ndama hakusaidii, kwa sababu kila mkupuo mpya unasukuma pale pale.

Nafasi tupu haifanyi hivyo. Baba akiandikwa hajulikani, ndama huyo hampi dume yeyote kilo wala hamnyang'anyi. Uzito wake bado unasaidia kupima msimu, na bado unampima mama yake. Unapoteza habari, ila huongezi uongo. Sisemi kila kumbukumbu yenye shaka ifutwe. Wale 36 walikuwa na makosa 5 na kuwafutia wote baba kungekuwa upotevu. Lakini pale ambapo wanne kati ya kumi wamekosewa, kama kwa wale wa mkupuo, jina lililoandikwa linaharibu kuliko linavyojenga. Karani hakuwa mwongo. Tulimpa fomu isiyokubali ukweli aliokuwa nao, nayo niliichora mimi.

Kosa langu la pili nimeshalitaja: kiwango kidogo cha kurithika kilikuwa dalili, mimi nikaifanya maelezo ya mazingira. La tatu ni kwamba nilitoa majibu kabla sijakaa siku moja na mzee. Yeye alijua habari ya josho kwa miaka mitatu. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa hakuandika daftari.

Tahadhari moja. Sampuli zetu 58 zilitoka kwa wanyama waliobaki shambani, si kwa wote waliozaliwa, kwa hiyo robo ile ni ya hao. Na sehemu ya mabadiliko kati ya hesabu ya kwanza na ya pili inatokana na tarehe, si baba. Sikuweza kuyatenganisha vizuri, kwa sababu yaliandikwa na kalamu moja, siku moja, kwa ndama walewale.

## Shamba lilivyo sasa

Mabadiliko hayakuhitaji fedha nyingi. Kuanzia Februari hadi Mei madume hawaendi josho. Wanabaki mazizini wakinyunyiziwa dawa kwa bomba la mgongoni, na majike huenda kundi moja moja. Kila jike anayehamishwa kundi huandikwa tarehe ya kuhama, na orodha ya zamani haibanduliwi ukutani. Kijana wa picha sasa analipwa posho kidogo kupiga picha ya ndama akiwa na mama yake, hereni ya mama ionekane. Oktoba hadi Desemba karani yuko kwenye mikorosho yao kama kawaida, na picha ndiyo daftari mpaka arudi. Nywele za mkia za kila dume zimo kwenye bahasha kavu, zimechukuliwa siku ya kununuliwa, si ya kuuzwa.

Kuhusu Lukuledi: watoto wake madume walioandikwa kwa jina lake sahihi walikuwa wameshahasiwa au kuuzwa, kwa sababu tathmini yangu ya kwanza haikuwapa nafasi. Kati ya wale sita walioandikwa Mbwemkuru, wawili walikuwa madume. Mmoja ni maksai. Wa pili, mmoja wa wale kumi na mmoja wa tarehe 20 Desemba, alikuwa ameachwa mzima awe mrithi wa Mbwemkuru. Picha yake ni ya tarehe 2 Desemba. Uzito wake uliosawazishwa umeshuka kutoka kilo 178 hadi 166, bado juu ya wastani wa kundi. Februari aliingizwa kwa majike wake wa kwanza, baada ya mabinti wote wa Lukuledi wanaojulikana kutolewa kundini.

Ndama wa msimu huo walipoandikwa, safu ya baba ilikuwa na "hajulikani" tisa. Mama alizihesabu kwa kidole, akamuuliza mzee mbona ni wengi hivyo.

"Hao tisa, mama, hatukuona."